Masini ya Mukwe na Kikwembe Yangu

Bamama, leo haya imenimaliza. Tena mbele ya mukwe.

Ninawaandikia mapema mu groupe yetu ya telefone, mbele Mama Philo hajaanza kuandika. Yeye atawapa hii habari na chumvi na pilipili. Miye ninawapa vile ilikuwa, mukisha kusoma munyamaze.

Munamujua mukwe yangu, bwana ya mutoto yangu Solange, baba ya Plamedi. (Jina yake siitamke, hata kwa kuandika. Niko na heshima bado, ata kama leo imebaki kidogo.) Ninaishi kwabo hapa mu mutaa ya Makomeno tangu bwana yangu alikufa. Mukwe iko muntu mupole. Anatumika ku mine, ku machimbo, anarudisha mushahara ku nyumba, kelele hana. Kosa yake ni moya: kila kintu anaona mu telefone, anakitaka.

Mwezi yenye ilipita alileta masini. Masini ya kukatia mbao, ile ya meza: bati juu, miguu nne chini, na katikati ya bati kunatokea sahani ya meno, banaiita lame. Aliinunua bei ya chini. Alijisifu na ile bei kuliko vile alijisifu siku Plamedi alizaliwa.

Miye niliizunguka. Niligonga ile bati na kidole. Ililia kama mukebe ya sardini. Mguu moya ilikuwa fupi, akaweka jiwe chini yake. Kintu kipya, siku ya kwanza, na tayari inatembea na fimbo.

Nikamuuliza Solange, juu na mukwe siongeake naye uso kwa uso: "Mu hii nyumba tunakataka mbao mara ngapi?" Nikajijibia mwenyewe. Tunakataka mbao wakati mulango inavunjika, ao wakati muntu anakufa. Mulango ilivunjika Pasaka, fundi ya pa kona akaitengeneza. Na mu hii nyumba sijaona mwenye iko na haraka ya kufa.

Solange akapeleka ile ulizo mu chumba, akarudi na jibu. Bwana yake anasema, kwa muntu mwenye anatumika siku moya moya, pa nyumba tu, masini ndogo inatosha. Zile za bei kali ni za bafundi, wenye banakata tangu asubui mpaka mangaribi. Ilikuwa jibu ya akili, siwezi kukatala. Nikasema vema, tungoye kazi yake.

Kazi ikakuya. Ya kwanza ilikuwa etajeri ya biatu. Imeinama. Unapanga biatu asubui, mangaribi biote bimekimbilia upande moya, binakanyagana kama bantu pa kugawa unga ya bule. Ya pili, kibao ya kukatia mboga. Upande moya munene, upande mwengine mwembamba. Ukiweka nyanya inateremuka yenyewe, unaikatia chini. Ile kichuma ya kuongoza mbao haifungake: unaikaza hapa, inalegea kule. Na ukiipa mbao munene, masini inalia, inapunguza mbio, kiisha inasimama na inakungoya uihurumie.

Basi juzi, familia yote tumekaa, nilisema mbele ya bote: hii masini itoke hapa. Ao yeye, ao miye. Nilisema na sauti, mpaka ba jirani balisikia. Solange akasema sawa Mama, siku ya Mungu kiisha misa bwana yake ataiuzisha. Mukwe akaangalia chini. Mumeelewa sasa? Muntu mwenye amesema maneno ya vile, hafai tena kuonekana na mukono juu ya ile masini. Hata kidole.

Tufike ku leo.

Sala ya bamama ilikuwa kwetu, mangaribi. Saa kenda ya muchana niliangalia banki ya mu baraza, ile ya kukalia, kibao yake ya katikati imepasuka. Pale katikati njo Mama Philo anaikalaka, juu yeye iko prezidenti ya bamama. Na Mama Philo munamujua, Mungu hakumunyima kintu. Nilikimbia kwa fundi ya pa kona. Alikuwa na sanduku ya matanga mikononi, akaniambia nirudi kesho. Solange alikuwa ku soko. Mukwe alirudi kazi ya usiku, alilala. Na hata angekuwa macho, ningetuma nani amuombe? Na kwa kinywa gani?

Mbao ilikuwa pale. Masini ilikuwa pale, nyuma ya nyumba. Mikono niko nayo. Nikasema mu roho: nikate mara moya, nipigilie misumari, nifunike na kitambaa, hakuna atajua. (Shetani haongeake na sauti ya Shetani. Anaongeaka na sauti yako mwenyewe, tena siku ile iko na akili mingi.)

Nilikuwa nimeshavaa kikwembe ya sala, ile kitenge mupya, iko na sura ya Bikira Maria mbele na nyuma. Mwenye akili angevaa kwanza nguo ya kazi. Miye nilisema ni kazi ya dakika kidogo.

Nikaingiza fishi ya kamba ya masini mu ukuta, pa kutokea kuran, ni kusema umeme. Nikafinya kifungo ya masini. Kimya. Nikafinya tena. Kimya. Nikaifinya kwa nguvu, vile tunafinyaka mutoto mwenye anasinzia mu misa. Kimya. Kumbe kuran ilikuwa imekatika. Munaijua kuran ya huku, inaenda bila kuaga na inarudi bila kubisha hodi. Kusema kweli nilifurahi. Nikasema, munaona takataka hii, hata kuamuka haiwezi. Nikaiacha.

Lakini kile kifungo, mara ya mwisho nilikiacha kinawaka ao kinazimika? Mpaka saa hii sijui.

Kikwembe ilikuwa inalegea mu kiuno juu ya kule kuinama inama. Munajua vile tunafanyaka, ata mu misa, ata ku matanga, ata katikati ya barabara: unaifungua, unaishika na mikono mbili, unaipanua kama mabawa, kiisha unaifunga upya na unaikaza. Tangu nilikuwa kijana ninafanya vile, na siku moya haijaniletea mambo. Basi nikapanua mabawa. Ncha ya kushoto ikalala juu ya ile meza ya bati.

Kuran ikarudi.

Masini ilivuta kikwembe vile mutoto anavutaka makaroni. Bikira ya mbele akaingia, Bikira ya nyuma akamufuata. Nikakamata ncha yangu, nikavuta. Masini ikavuta. Nikaweka mguu ku ukuta. Na munajua nini ilipita? Masini ikashindwa. Ikalia, ikapunguza mbio, ikanuka moshi, ikasimama. Ilishindwa na kikwembe, bamama. Kitambaa ya pamba, na mwanamuke mwenye magoti yake inamuuma.

(Masini ya fundi ingeenda na kikwembe na mukono na miye muzima. Ile nilikuya kuifikiri kiisha, nikakaa chini. Lakini sitaisifu ile takataka juu tu ya uzaifu yake.)

Sasa munione. Nusu ya kikwembe mu masini, nusu mu mukono. Miye na jupon tu, nguo ya ndani. Tena jupon ya zamani, yenye inashikwa na pini. Masini ilikuwa ingali inaguruma chini chini, nikiachilia inaweza kumaliza chakula yake. Nikageuza macho upande ya mulango, juu ya kuita. Kutoka kule kulikuwa kunakuya sandali.

Sandali ya mukwe. Mulio ya masini ilimuamusha.

Kwa wenye batoto babo balikomalia Beljika, munisikilize. Kwetu mama mukwe na mukwe habapeane mukono, habakulake sahani moya, habaangaliane mu macho. Mukwe akiona mama mukwe na jupon, ni mambo ya kuita bazee ba pande mbili. Njo ile ilikuwa inakuya na sandali.

Kuku ya Solange alikuwa pale anachokora mu vumbi ya mbao. Nikamuambia kuku: "Ambia ule muntu asifike huku. Mama mukwe yake hana nguo."

Sandali ikasimama pa kona ya nyumba. Kiisha sauti ya mukwe, pole pole: "Kuku, umuulize Mama kama ameumia."

"Kuku, umuambie sijaumia. Niko na kazi kidogo."

"Kuku, umuulize Mama ni kazi gani, na masini ya nani."

Hii ya mwisho haikuwa ulizo ya heshima. Aligeuza mugongo, vile inafaa, lakini bega moya ilikuwa inaonekana pa kona, na ile bega ilikuwa inacheka.

"Kuku, umuambie atoe fishi."

Alikuya kinyumenyume, macho ku mbingu, anapapasa ukuta kama kipofu, mpaka akafika pa fishi, akaivuta. Ile kuguruma ikaisha. Akageukia ukuta na akaanza kumufundisha kuku. Chini ya meza kuna funguo inaninginia. Mama aikamate, akamate na ile msumari munene ya katikati ya lame, azungushe upande yenye lame inakimbilia, haiko upande ya kawaida. Kuku alisikiliza. Miye nikazungusha upande ya kawaida. Ikakaza zaidi. Akaongeza kusema, kwa kuku bado, asema masini za bei kali kuran ikikatika zinajizima zenyewe, hazianze tena mpaka uzifinye, lakini hii haina ile akili. Nikamuambia kuku, anamaliza sasa kusema yenye nilisemaka miye.

Kuku akachoka na siye, akaenda zake.

Tukabaki bila mutafsiri. Mukwe akakohoa. Kiisha akahamia ku ukuta.

Na njo pale bamama ba sala bakafika. Mapema. Mama Philo hajafikaka mapema hata siku ya arusi yake, lakini leo alifika mapema. Balibisha mbele, hakuna mwenye aliitika, bakazunguka nyuma na nyimbo mu kinywa. Nyimbo ikafa katikati. Balikuta hii: miye na jupon, funguo mu mukono, mafuta ya masini ku shavu, Bikira Maria amebaki na jicho moya inje ya bati. Na mukwe, paji ya uso karibu ya ukuta, na sauti ya kuheshimu kabisa: "Ukuta, umuambie Mama azungushe upande ya kuume."

Mama Philo akaangalia miye. Akaangalia mukwe. Akaangalia ukuta.

"Véro," akasema, "mumeanza sala bila siye?"

Alifungua kikwembe yake ya juu, akanifunga nayo mara mbili, na kwa ile nitamushukuru mpaka kufa. Lakini kinywa yake haikupumzika. Alipiga goti mbele ya masini, akainama, akauliza mbele ya bote kama haiko ile ile yenye nilisema itoke. Nikajibu nilikuwa ninaichunguza mbele iuzishwe. Mama moya nyuma akauliza, "Na jupon?" Bakacheka. Bale bamama nimefunga nabo, nimezika nabo, bakacheka mpaka bakashikana.

Mukwe angeweza kuwaachia. Angesema neno moya tu, miye ningehama hii nyumba mbele ya giza. Na ningestahili. Alisema, ukuta bado mbele yake: "Ukuta, uambie bamama ni miye nilimuomba Mama aijaribu. Nilitaka kujua makosa yake mbele ya kuiuzisha."

Uongo tupu. Alidanganya kwa heshima yangu, muntu mwenye masini yake niliitukana mbele ya mutoto yake. Miye nikaomba udongo ifunguke. Jupon haikuniumiza vile, ile neno yake njo iliniumiza.

Kikwembe ilitoka na makasi, vipande vipande. Tukasali juu ya mukeka. Mama Philo akaleta nia yake, tuombee bote wenye banatumika na masini za hatari. Bakaitika Amina na nguvu yenye sijasikiaka hata Noeli.

Kiisha kula nilimutuma Solange kwa bwana yake. Umuambie masini ibaki. Haiko juu iko muzuri. Iko takataka, ilizaliwa takataka, na kwa muntu wa kukata mbao mara moya kwa mwaka, fundi ya pa kona anatosha na anakupa tena habari za mutaa. Lakini ibaki. Umuambie mama mukwe yake amesema ibaki.

Solange akaenda. Akarudi na kinywa inamushinda kufunga. Bwana yake anashukuru sana, asema, lakini amechelewa. Alishaipa muntu neno yake, pale pa mulango, wakati bamama banaaga. Mama Philo ataichukua siku ya Mungu. Alipenda bei, na asema yeye ni wa kukata mbao siku moya moya tu, pa nyumba.

Philo, ninajua unasoma. Siku ya kuiwasha vaa pantalon ya bwana yako, na usiniite.