Familia ya Kwanza Parokiani

Jumanne, 2 Septemba

Nimepewa kazi! Padri Désiré anataka historia ya parokia yetu, ukurasa mmoja, isomwe Jumapili ya jubilei. Isomwe na mimi! Mimi niliyemaliza shule nikiwajibu walimu kwa kutikisa kichwa. Tena nimtafutie familia ya kwanza kufika hapa kutoka Katanga, ndiyo itakayoongoza maandamano ya matoleo. Halafu akaongeza kwa upole: pakitokea ugomvi, atasoma Chloé wa kwaya. Chloé ana sauti kama kengele, na anajua.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeanza na enzi za kale. Upande wetu huu wa Auderghem, huku ughaibuni, ulikuwa kijiji cha wakata kuni. Waliacha mashoka mlangoni, wakaingia kusali. Siku moja padri alihubiri muda mrefu hata nguruwe pori akaingia, akalala katikati ya kanisa. Nguruwe amechukua nusu ya ukurasa wangu. Anastahili.

Jioni nilikwenda kwa Maman Berthe, mmoja wa wazee wetu wa Katanga. Alinilisha beignets, maandazi yake ya mviringo, akanituliza kitini. “Mutoto, wa kwanza njo miye. Nilikuta wazungu tano na baridi tu. Bon, andika.” Nikasema ndiyo, maman. Utafiti umekwisha. Rahisi kabisa!

Ijumaa, 5 Septemba

Balaa. Papa Kabamba, mzee mwingine wa Katanga, amenikamata kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, mbele ya duka la samaki wakavu. Habari zimemfikia. “Berthe? Wa kwanza? Miye njo nilimuonyesha fasi ya choo!” Watu wote waligeuka. Ningefanyaje? Kwetu ukimwambia mzee hapana, mama yako anapigiwa simu kabla hujafika nyumbani. Nikasema ndiyo, papa.

Nyumbani Mama alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo. Aliniuliza kwa ile sauti yake ya chini: “Na siye tulikuja lini?” Nikasema ndiyo, mama.

Jumatano, 10 Septemba

Sijalala vizuri, lakini nina mpango! Nimemwambia kila mmoja wa hao watatu faraghani kwamba yeye ndiye atakayeongoza. Asimame nyuma ya kanisa na kapu lake, asubiri ngoma, na asimwambie mtu: ni surprise ya Padri. Wakishajikuta pale mbele ya Mungu, wataona haya, watapishana. Wazee wetu ni watu wa adabu.

Jumapili, 14 Septemba

Hawakupishana.

Ngoma ikalia. Maman Berthe akaanza kucheza kuelekea altare na mananasi, Papa Kabamba na mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, Mama na jogoo. Wote mara moja. Njia ya katikati ya kanisa letu ni nyembamba, ilijengwa kwa wakata kuni waliokonda. Wakanasa katika safu ya tatu. Hakuna aliyerudi nyuma, maana kurudi ni kukubali. Papa Kabamba aliomba kwa heshima aachiwe nafasi. Maman Berthe akamjibu, akiendelea kucheza, kwamba nafasi aliipata zamani, akachelewa.

Na wimbo wa matoleo haumaliziki mpaka matoleo yafike. Kwaya ikarudia. Ikarudia. Mpiga ngoma akabadilisha mkono. Mwishowe Padri Désiré mwenyewe alishuka kuyapokea, jogoo kwanza, kwa sababu alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Kisha akamwita Chloé.

Akasoma vizuri. Afadhali angesoma vibaya! Kwa nguruwe watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mimi nyuma ya nguzo nilitamka kila neno pamoja naye, bila sauti. Akafika pale nilipoandika, “Familia ya kwanza kutoka Katanga mnaijua.” Makofi! Kutoka pande tatu, kila upande ukijipigia.

Kwenye chakula watatu hao walikaa meza moja, wakila na kuchekana nani alichelewa zaidi. Maman Berthe alimmegea Papa Kabamba paja la kuku. Mimi hakuna aliyeniuliza lolote.

Jumatatu, 15 Septemba

Padri Désiré amenieleza kosa langu: nawakubalia watu wote. Ni kweli kabisa. Nikasema ndiyo, padri. Akafurahi, akanipa nafasi nyingine: nichague kitenge cha parokia nzima kwa Noeli.

Maman Berthe amepiga simu, anataka cha bluu. Papa Kabamba, cha kijani. Wote wawili wameridhika sana na jibu langu. Kilichobaki ni kuhakikisha tu hawaonani hadi Desemba.