Njia ya Mkato Jangwani

Jumatatu, 3 Machi
Kambini, jangwani. Mbio zinaanza kesho alfajiri. Siku nne, kila mtu na mzigo wake mgongoni: chakula, blanketi, filimbi ya kuomba msaada. Maji tu ndiyo tunapewa njiani.

Nimekuja kwa sababu moja. Kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Swala kwa mbio zake, alisema mezani mbele ya mama mkwe kwamba fundi viatu anajua viatu, kukimbia hajui. Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kesho yake nikajiandikisha.

Wakaguzi wa mizigo wameshapita. Nimetoa mkobani nusu ya chakula, na filimbi. Mzigo mwepesi, mguu mwepesi. Shemeji, ambaye naye yumo mbioni, amebeba cha kuwatosha wawili, na undugu ni kufaana.

Jumanne, 4 Machi
Nilikuwa nimevishonea viatu vyangu mifuniko ya turubai, mchanga usiingie. Kazi safi. Mchanga uliingia. Kilichoushinda ni kutoka. Kufika mchana nilikuwa natembea na jangwa miguuni.

Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alinipita akinipa pole. Baadaye akanipita tena. Alikuwa amerudi nyuma kuokota kofia yake.

Nilipofika kambini shemeji alikuwa ameshakula na kujinyoosha. Nikamwomba chakula. Akauliza changu kiko wapi. Nikasema kimeliwa na panya. Akasema hajaona panya hapa, ila mimi. Akanipa konzi ya karanga, akaongeza kwamba mpaka leo hajui dada yake aliniona nini. Nilizila zote, kwa uchungu.

Jumatano, 5 Machi
Leo nilitumia akili. Njia ya mbio, iliyowekwa bendera, inazunguka kilima kirefu cha mchanga. Nikangoja wenzangu wapotee mbele, nikakata katikati. Nilipanda kwa mikono na magoti.

Upande wa pili nikaona kitu chekundu bondeni. Nikadhani bendera. Lilikuwa shati la shemeji.

Alikuwa amekaa mchangani, kiatu kimoja mkononi, akimweleza jambo dada yake, ambaye hakuwepo. Jua lilikuwa limemwingia kichwani, akaziacha bendera bila kujua. Ngozi yake kavu, inachoma kama pasi. Akaniinulia macho.

"Baba," akasema, "nimechoka."

Baba yake tulimzika zamani. Nikamjibu apumzike, nipo.

Nikammwagia maji yangu yote kichwani na shingoni. Nikamtandia blanketi juu ya fimbo zetu za kutembelea, apate kivuli. Nikapapasa filimbi yangu, nikakumbuka nilivyoifanya. Yake ilikuwa inaning'inia shingoni. Nikaipuliza mpaka midomo ikapasuka. Kila nilipotua kuvuta pumzi niliwaza nitamwambia nini mke wangu, na kwa maneno gani.

Gari la matabibu lilikuja jua likiwa limeshainama.

Alhamisi, 6 Machi
Hema la tabibu. Shemeji amefumbua macho na ananijua. Tabibu anasema wangechelewa kidogo tu, tungerudi na maiti. Sote wawili tumeondolewa mashindanoni.

Shemeji alinishika mkono, akalia bila sauti. Mimi nikatazama paa la hema. Kisha akauliza nilimwonaje, maana pale hapapiti mtu. Nikamwambia damu nzito kuliko maji. Tabibu alikohoa, akaendelea kufunga bandeji.

Jumamosi, 8 Machi
Nyumbani. Mama mkwe alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe, mimi kabla ya mwanawe. Akawaambia majirani kwamba ana watoto wa kiume wawili.

Mke wangu alingoja tubaki wawili. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini nyuma ya kilima. Huyu mwanamke hadanganyiki. Nikamweleza yote. Akasema Mungu amenionyesha, basi nishike adabu.

Nimetafakari maneno yake mchana kutwa. Kweli nimeonyeshwa. Ningefuata bendera kama wenzangu, leo tungekuwa matangani. Kosa langu ni kwamba nilichelewa: nilianza kukata njia siku ya pili.

Jioni nimekwenda kwa shemeji kumwomba ramani yake ya mbio, kwa ajili ya mwakani. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni kwa usalama wake.