Mke Asiye na Beji

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili,
Baraza la Mji.

YAH: MUME WANGU KUNIHESABU MSHAWISHI NDANI YA NYUMBA YANGU

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima, na kiti chako pia nakisalimu, maana nasikia wanaokitamani ni wengi.

Mimi ni mke wa diwani wa mtaa wa bondeni, na kazi yangu ni fundi cherehani. Siipingi sheria yenu ndogo ya ushawishi. Mlipotangaza kwamba kila anayetaka kumshawishi diwani ajiandikishe, avae beji na aseme shida yake mbele ya shahidi, nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Nilidhani mnawasema watu wa bahasha. Sikujua kwamba mume wangu ataibeba sheria hiyo hadi nyumbani na kuikaribisha mezani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shahidi. Nilipomwambia kwamba mtaro wa mbele ya nyumba umeziba na maji yanaingia chumba changu cha kushonea, aliinua mkono kama askari wa barabarani, akanitaka ninyamaze hadi shahidi apatikane. Shahidi akapatikana: mama mkwe. Tangu siku hiyo, nikitaja jambo lolote lenye harufu ya baraza, mama mkwe anaitwa, anavuta kigoda, anasikiliza, kisha anatoa maoni. Maoni yake hayahusu mtaro. Yanahusu chumvi, malezi na wanawake wa siku hizi.

2. Chakula. Sheria inamruhusu diwani kupokea ukarimu wa kawaida, lakini si zawadi kutoka kwa mtu mwenye shauri barazani. Mimi nina shauri la mtaro. Basi mume wangu amepitisha kwamba maharage ni ukarimu na nyama ni zawadi. Nikipika nyama, anaisogeza sahani pembeni kwa vidole viwili, anakwenda chumbani kwa mama yake, ambaye hana shauri lolote, na anaila huko. Nyama ni ile ile, Mheshimiwa, ya sufuria ile ile. Imepitia tu kwa mtu mwingine. Watu wananiambia hata huko barazani mambo huenda hivyo hivyo, lakini mimi nimekataa kuamini.

3. Kura. Hoja ya kuuzibua mtaro ilipofika kikaoni, mume wangu alisimama, akatangaza kwamba ana mgongano wa maslahi kwa kuwa anakaa mtaa huo, akatoka nje. Hoja ikaanguka kwa kukosa kura moja, na kura hiyo moja ilikuwa kwenye korido inakunywa maji. Akarudi nyumbani anatembea kwa madaha kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nimeinama nakamua sare za watoto wa watu zilizolowa tope, na nilikuwa nalia. Haya mengine nayaandika kwa ustaarabu, lakini kulia nililia kweli.

4. Mkandarasi. Huyu anataka fedha za mtaro zipelekwe mtaa wa juu, ambako maji hayajawahi kutuama, ila ana nyumba zake za kupangisha. Amejiandikisha, na beji yake ina picha. Akifika sebuleni kwangu, mume wangu anazima redio, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Mama mkwe haitwi, kwa sababu mwenye beji huja na shahidi wake mwenyewe, naye ni dereva wake. Chai wanaletewa na mimi. Mkandarasi ana beji, mimi nina pete, na pete haikutajwa popote katika sheria yenu.

Nikilalamika, mume wangu ananiambia kikulacho ki nguoni mwako. Nguo zenyewe namshonea mimi.

Kwa hiyo naomba sheria iishie kwenye mlango wa nyumba. Likishindikana hilo, mume wangu ahamie kwako hadi kura irudiwe, ili asiwe mkazi wa mtaa wetu. Anakoroma kidogo tu na hapendi vitunguu vibichi. Likishindikana na hilo, mama mkwe ateuliwe Msajili wa Washawishi na apewe ofisi, yenye hadhi, iliyo mbali. Na mkishindwa yote, baraza lipitishe azimio la kuisimamisha ndoa yetu, irejeshwe mtaro ukishazibuliwa. Harusi ya pili sitadai.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na karani wenu anayepokea barua bila kununa. Msalimie na mkeo, umuulize kwa upole kama naye ameshajiandikisha.

Ni mimi, mwenye maji miguuni na imani kwenu,
Mke wa Diwani, Mtaa wa Bondeni.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, juzi mkandarasi alipita. Ameniagiza nimshonee sare za wafanyakazi wake wote, na kwa kuwa ameona kwamba nikiongea nasikika, ameniandikisha kuwa mwakilishi wake. Jana niliivaa beji mezani. Mume wangu alizima redio, akanisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kunikata kauli. Hajanisikiliza hivyo tangu siku za uchumba. Kwa hiyo naomba msiiguse hiyo sheria, hata nukta. Kuhusu mtaro, nimezipima hoja za mtaa wa juu na kuziona ni nzito. Cherehani nimeipandisha juu ya matofali.