Blanketi la Njano la Baba Mtarajiwa

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Kitanda cha mtoto kimefika. Kimetengenezwa na shemeji Oswald, kaka yake Verediana. Mke wangu amekipapasa mchana kutwa. Mtoto mwenyewe, tutakayemlea kama wetu, bado yuko kituoni kwa masista. Tunamngoja Bi Catherine, afisa ustawi wa jamii, aje kutukagua kwa mara ya mwisho. Miaka yote hii ya kuomba mtoto, na wa kwanza kusifiwa ni Oswald! Nimetangaza mezani kwamba nitafuma blanketi kwa mikono yangu. Oswald amecheka hadi dagaa wakampalia.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimenunua nyuzi za njano na sindano ya kroshia. Hadi jioni nimepata kitu kama wavu uliopitiwa na mamba. Nimemwambia Verediana ni pembe ya kwanza. Ameuliza blanketi litakuwa na pembe ngapi za namna hiyo. Nimekisukumia uvunguni mwa kochi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Akili ni mali yangu! Révérienne, aliyekimbia vita Burundi na sasa anakaa kwa dada yake nyumba ya tatu, anafuma vitambaa vya makochi. Tumepatana: yeye afume, mimi nilete samaki, migebuka wa ziwani, mdomo afunge. Akauliza kwa nini nisimwambie mke wangu ukweli. Nikamjibu hayo ni mambo ya ndoa. Akaitikia kwa Kirundi, "Ego, ndiyo maana nauliza." Mwanamke huyu ana maswali.

Jumapili, 12 Oktoba
Blanketi zuri mno! Oswald amelishika, amelinusa, amenyamaza. Oswald, kunyamaza! Verediana amelia kwa furaha. Nikajisikia vibaya kidogo. Chakula kilipoletwa nikapata nafuu.

Jumatano, 15 Oktoba
Siku mbaya. Bi Catherine amekuja, na kabla ya chai Verediana akamtandazia blanketi. Kumbe naye ni mfumaji! Akatoa sindano mkobani, akaniomba nimfundishe ule mshono wa pembeni. Nikasema kidole kinauma. Akauliza kipi. Nikaonyesha kimoja, Verediana akataja kingine. Papo hapo hodi: Révérienne, na kofia ya njano. Eti uzi ulibaki.

Bi Catherine akafunika kalamu yake.

"Bwana Feliksi, unadanganya kwa ajili ya blanketi. Nikikupa mtoto wa watu, je?"

Verediana alinishika mkono. Sijawahi kuogopa vile. Nikainama uvunguni mwa kochi, nikatoa lile tambara langu. Nikasema hiki ndicho nilichofuma, mama, na sijui zaidi ya hapa.

Akaligeuza huku na huku. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka hadi akavua miwani. Kisha akasema masista wamemwambia kuna mwanamume huja kila Jumamosi kumwimbia mtoto, sauti mbovu ajabu, na mtoto halali vizuri isipokuwa siku hiyo. Akanitazama, akafunua kalamu, akatia sahihi fomu yetu.

Verediana hajanisemesha hadi sasa. Ila amenipakulia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Binti yetu yuko nyumbani! Anaitwa Armelle, ana mashavu, ananishika kidole. Nimemruhusu Oswald ampakate kwa muda mfupi sana.

Jioni Padri amekuja kupanga ubatizo. Oswald akasema mbuzi ni juu yake. Nikasikia mdomo wangu ukisema keki nitaoka mwenyewe, ya ghorofa tatu. Verediana akafumba macho.

Nimetoa baiskeli. Mtaa wa Kasingirima kuna mama anaoka vizuri. Nasikia ni msiri kabisa.