Washindani Sitini na Wanne Dhidi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kikombe cha drafti nimekipoteza jana saa kumi jioni, mtaa mzima ukiangalia. Kimechukuliwa na shemeji yangu kinyozi, ndugu wa mke wangu wa tumbo moja! Amekiweka dirishani kwake, mkabala na kwangu. Nikifungua tu karakana yangu ya baiskeli, kinanikodolea macho. Tunashindana tena Jumapili.

Jumanne, 4 Machi
Nimempata! Jana shemeji alilalamika mgongo kwa kukaa sana mchezoni Jumapili. Tulikuwa washindani kumi na sita, yeye akacheza michezo minne. Nikileta watu mara nne, yaani sitini na wanne, atacheza kumi na sita. Atatoka amebebwa! Hesabu hizi sikufundishwa na mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Watu wapya arobaini na wanane wamepatikana. Kila mmoja nimemwahidi kuzibiwa pancha bure. Binti yangu wa kidato cha tatu kacheka mpaka kakaa chini. Eti kila raundi nusu wanatoka: sitini na wanne, thelathini na wawili, kumi na sita, wanane, wanne, wawili, bingwa. Michezo sita tu! Eti kipeo kinauliza mbili sita zikizidishana zinafika wapi. Logarithimu inarudi kinyumenyume: umefika sitini na nne, ulizidisha mbili ngapi? Nikamwambia nimefungua karakana bila logarithimu. Akasema na mjomba alinichapa bila logarithimu. Mama yake akapaliwa na chai. Chai gani inapalia hivyo?

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Nimetolewa mchezo wa kwanza, tena na fundi cherehani niliyemleta mwenyewe. Kala kete zangu tatu kwa mruko mmoja, kisha kauliza alete lini baiskeli yake. Shemeji kacheza sita. Sita! Mapumziko yote dada yake akimwekea mto mgongoni. Mto wangu! Kikombe kimerudi dirishani.

Jumatatu, 10 Machi
Kosa nimeliona: watu walikuwa wachache. Nimemwandikia mwenyekiti wa mashindano, muuza magazeti. Nataka washindani mia moja ishirini na wanane. Watu mara mbili, maumivu mara mbili! Binti anasema huo ni mchezo mmoja tu wa ziada. Mtoto anajua nini kuhusu mgongo? Barua nimeimaliza hivi: Mwenyekiti, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya saa sita mchana Ijumaa, na usithubutu kumuuliza binti yangu.