Gari la Pima Saba

Jumatano, 1 Agosti 1962. Mahajanga.

Leo nimeahidi gari. Sikukusudia. Mdomo ulitangulia, mimi nikaufuata.

Ilikuwa nyumbani kwa dada yangu Chamsia, hapa mtaani Tanambao, kikao cha harusi ya binti yake Hayrat. Jumamosi ya tarehe 18 bwana harusi, Fahardine, anaingizwa nyumbani kwa mkewe. Kwetu sisi mjomba wa bibi harusi ndiye amshikaye mkono akamvusha kizingiti. Mjomba mkubwa ni mimi. Basi mdogo wangu Elarif, karani wa posta, akakohoa kile kikohozi chake cha kugonga muhuri. Akasema kazi hiyo apewe mtu wa kutegemewa, maana kaka Athoumani harusi iliyopita aliahidi ng'ombe, na ng'ombe mpaka leo yuko njiani.

Wanawake wakacheka! Nikasimama. Nikasema mimi sileti bwana harusi kwa miguu kama mzigo wa mihogo. Nitamleta kwa gari letu wenyewe! Chamsia akavua bangili zake mbili za dhahabu, akanipa mbele ya watu niziweke rehani ninunue gari. Akasema gari likija, mkono wa bwana harusi ni wangu. Lisipokuja, mkono ni wa Elarif, na bangili nitazitapika.

Naandika Kiswahili cha marehemu baba ili mke wangu Rabiata asisome. Kifaransa anakisoma vizuri mno, balaa.

Ijumaa, 3 Agosti.

Nimepata habari msikitini. Kuna Pijo 403 huko kisiwa cha Nosy Be, mji wa Dzamandzar, kwa fundi aitwaye Chaher. Rahisi ajabu! Elarif akauliza kwa nini rahisi. Mleta habari akasema liliwahi kupata ajali, bima ikamlipa mwenyewe, fundi akanunua mabaki akayafufua. Elarif akasema samaki akiuzwa rahisi asubuhi, mnuse kabla ya kupika. Anataka karatasi ya bima aisome mwenyewe.

Nikamwambia magari nayajua kuliko yeye anavyojua stempu. Si mimi niliyeopoa gari baharini kule Hell-Ville, kisiwa hicho hicho, mwaka wa uhuru? Tanambao nzima inajua. Pima saba! Siku tatu chini, kina cha urefu wa watu saba! Papa amekaa kiti cha dereva, nikampiga kofi akatoka, nikafunga kamba kwenye ekseli. Hadithi ile ilitembea mpaka mtu wa bima akanifuata kwangu na mashine yake ya chapa. Akaandika yote. Nikatia sahihi. Shahidi rasmi!

(Humu naweza kusema: siku ile nilikuwapo gatini. Karibu sana. Ila mbele yangu palikuwa na watu wengi.)

Jumanne, 7 Agosti. Dzamandzar.

Meli siku mbili, matapishi siku mbili. Mji mzima unanukia sukari iliyoungua. Chaher ni mtu mfupi mwenye kucha nyeusi na kicheko kirefu. Gari jeusi, linang'aa. Nikalizunguka mara tatu, nikapiga gurudumu teke kama mjuzi, nikaomba karatasi ya bima.

Kifaransa changu ni cha majina na herufi kubwa. Jina la kwanza kuliona: langu! Chini yake sahihi yangu, na ule mkia niliouvuta kwa mbwembwe. Ndilo! Gari lile lile!

Chaher akanisomea huku anacheka. Limezama pima saba, siku tatu, kwa ushahidi wa mpiga mbizi mmoja wa Mahajanga. Bima ikalihesabu maiti, naye akalipata kwa bei ya mbuzi. Akasema maji yaligusa magurudumu tu, na kila Ijumaa humwombea dua mwongo yule, popote alipo.

Nikaitikia amina.

Jumatano, 8 Agosti.

Sina raha. Muuzaji anasema magurudumu, lakini ulimi wa muuzaji una asali. Je, kama lilizama kweli? Nimesimulia mara nyingi hata papa namwona wazi, na jino moja la pembeni limevunjika. Je, kama injini imeoza, ikatufia katikati ya vigelegele?

Nimenusa viti vyote. Nimelamba mlango kutafuta chumvi. Chaher akanikuta ulimi nje. Nikamwambia Mahajanga ndivyo tunavyopima rangi.

Nikawauliza wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Wote, pima saba! Mmoja ana papa wawili. Nikauliza nani alisema. Wakasema bwana mmoja wa Mahajanga, shujaa mkubwa. Lahaula! Natafuta ukweli, na kila kona nakutana na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 9 Agosti. Hell-Ville.

Nimekwenda gatini kwa Oumi, mama muuza ndizi za kukaanga. Miaka yote yupo pale pale. Nikamuuliza maji yalifika wapi. Akainama, akagusa goti lake.

Goti! Akasema maji yalikuwa yamekupwa, tishali, mashua ya mizigo iliyobeba gari, limekaa mchangani, gari likateleza mbele likasimama kwa magurudumu yake. Wakalivuta kwa kamba kabla yeye hajageuza ndizi upande wa pili. Siku tatu? Alicheka mpaka mafuta yakamrukia. Kisha akanikazia macho. Akasema: wewe baba si ulikuwa umekaa pale kwenye kibao changu? Ndizi sita. Watu wote walikimbia kuangalia, wewe hukunyanyuka, ukasema watakusimulia wakirudi.

Furaha na aibu vikanijia pamoja. Gari ni zima! Ni zima kwa sababu mimi ni mwongo. Nikimpelekea Elarif ukweli huo, gari litaingia Tanambao na mimi nitabaki nje. Nikinyamaza, karatasi inasema maiti.

Nimepata shauri. Nimenunua! Chaher analipaka rangi ya kijani. Nitasema hili ni gari jingine kabisa, na karatasi imeliwa na mchwa. Kuichoma? Roho haikubali. Ina jina langu kwa chapa. Itakaa mfukoni mwa kanzu, mbali na Rabiata.

Jumamosi, 11 Agosti.

Siku mbaya kuliko zote. Kulipakia melini! Gari linaning'inia juu ya maji kwa minyororo, linazunguka taratibu kama mtu anayechagua pa kuangukia. Nikafumba macho. Nikasoma kila sura niliyohifadhi, zote nne. Na Oumi, mshenzi yule, anapiga kelele kutoka gatini kwa Kisakalava ili dunia nzima isikie: shujaa, vua viatu, kaa tayari!

Halikuanguka.

Jumanne, 14 Agosti. Mahajanga.

Maulidi imenipita baharini. Lakini nimeingia Tanambao na honi! Chamsia amelia. Hayrat nimemzungusha mtaa mzima, akatoa mkono dirishani akawapungia hata mbuzi. Injini tamu kama cherehani.

Elarif akataka karatasi. Nikasema mchwa. Akauliza hao mchwa wa Nosy Be wamekula karatasi ya bima wakabakiza risiti, leseni na kalenda ya ukutani? Nikasema ndiyo, wana kiburi. Akanusa kiti. Akaondoka akikohoa kile kikohozi chake cha kugonga muhuri. Kila mtu akilisifu gari, mfuko wa kanzu unaniwasha.

Siku nne tu. Nyamaza siku nne, Athoumani.

Jumamosi, 18 Agosti.

Ilianza vizuri! Nyuma ameketi Fahardine, joho na kilemba, mzuri kama sultani. Kando yake bibi yake mkongwe, Bi Echata, ambaye ukoo mzima humwogopa. Mbele, pembeni yangu, amejibana mjomba wa bwana harusi, Maoulida. Mimi usukani. Wanawake wanaimba, watu wametangulia kwa miguu, Elarif miongoni mwao na mwavuli wake, mnyonge. Bi Echata akasema gari hili linakwenda kama mtelezo wa samli. Alisema hivyo!

Zimebaki nyumba nne. Maoulida akajinyoosha. Akasema magari yana bahati zao. Yeye mwaka wa uhuru aliopoa moja kule Hell-Ville. Pima saba. Siku tatu. Papa kwenye kiti cha dereva. Akampiga kofi.

Kofi langu!

Nikauma ulimi. Nyumba tatu, Athoumani. Mkono wa bwana harusi ni wako. Nyamaza. Fahardine akauliza, papa akafanya nini? Maoulida akasema, alilia.

Nikakanyaga breki. Vilemba vyote vikaja mbele. Nikamwita mwizi! Nikasema aliyepiga mbizi ni mimi, papa hakulia hata kidogo, na gari lenyewe ndilo hili walilokalia! Nikachomoa karatasi, nikaitandaza juu ya usukani. Hii hapa! Pima saba! Sahihi yangu hii!

Kuimba kukakatika. Bi Echata akauliza, kwa sauti ndogo sana, papa alikaa kiti kipi. Kisha akasema mjukuu wake hapelekwi kwa mkewe ndani ya kitu kilichokwisha kuzikwa baharini. Akafungua mlango.

Neno moja lingetosha. Goti! Nililishika kwenye ulimi, nikalionja. Lakini Maoulida alikuwa ananitazama.

Wakashuka. Nyumba tatu kwa miguu, Bi Echata akijikung'uta kanga njia nzima. Aliyekuwa karibu na mlango wa gari ni Elarif. Akamfunika bwana harusi kwa mwavuli, akamshika mkono. Akamvusha kizingiti. Mimi niliona kupitia kioo, injini bado inanguruma. Tamu kama cherehani.

Jumapili, 19 Agosti.

Chamsia hasemi nami. Amemtuma mtu: gari liuzwe, bangili zirudi. Hayrat ameniletea sahani ya pilau, na salamu kwamba mjomba, gari lilikuwa zuri. Nimekula nikilia.

Rabiata amenibana nikamwambia yote: kibao, ndizi, goti. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwa upole kwamba gari ni zima, na shahidi yupo. Mnunuzi akija, mume wangu, sema neno moja tu, goti, na jioni dada yako atavaa bangili zake. Nimefanya mazoezi uani. Goti. Goti. Si neno gumu.

Alasiri akaja mfanyabiashara wa samaki kutoka Antsanitia. Akakaa kitini, akashika usukani, akapenda. Macho yake yalikwisha kununua! Akauliza eti ni kweli watu wanasema gari hili limezama pima saba? Rabiata akanitolea macho dirishani, anashika goti lake kwa mikono miwili.

Nikasema nitamwambia kweli tupu, maana nimechoka na uongo wa mji huu, wa kina Maoulida na wenziwe.

Pima saba? Hapana. Tisa!

Ameondoka bila gari, lakini alinibusu mkono. Gari liko mlangoni, nimeketi ndani yake naandika. Na wallahi, ukilinusa vizuri upande huu wa dereva, kuna harufu ya papa.