Risasi za Karatasi, Risasi za Kwale

Jumatatu, tarehe 8 Januari

Baridi kali. Hakuna aliyeniita kutengeneza friji. Nani ana shida na friji Januari, wakati maziwa yanaganda mlangoni? Fundi friji wa kijiji hiki anaishi kwa matumaini hadi Juni. Kwa hiyo nina muda wa kufikiri, na leo nimefikiri sana.

Habari yenyewe ni hii. Jana kwenye kahawa ya Jumapili, baba mkwe wangu Oiva alitangaza kwamba hawindi tena. Jicho la kulia limeingia ukungu, na la kushoto halijawahi kulenga kitu. Akasema bunduki yake haitakaa ukutani ishike kutu, itakwenda kwa mmoja wa wakwe zake. Ila kabla msimu haujafungwa, angependa kunywa supu ya kwale mweusi, kwale wa juu ya mti, aliyepikwa na mama mkwe wangu Hilkka kwa malai ya maziwa. Akachovya andazi la iliki kwenye kahawa.

Hakusema kwamba atakayeleta kwale ndiye atakayepewa bunduki. Lakini mimi si mtoto. Nilimtupia jicho mwanyumba wangu Jarmo, aliyemwoa dada wa mke wangu. Jarmo anaendesha gari la kusukuma theluji na halali vizuri. Alikuwa anasinzia, andazi mkononi. Hakuelewa chochote. Safi!

Mke wangu Sirkku kaniambia niache ushindani, ile ni bunduki tu. Bunduki tu! Kwenye sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, Oiva humpa Jarmo ile kata ya kumwagia maji mawe ya moto. Mimi hunipa ndoo nikaijaze. Miaka yote hiyo, ndoo. Nikipewa bunduki, mzee atakuwa amesema mbele ya watu wote kwamba mimi pia ni wake. Nalitaka hilo kuliko ninavyoweza kumweleza Sirkku.

Vibali vya kuitumia bunduki tunavyo wote wawili. Tumekubaliana kupokezana.

Jumanne, tarehe 9 Januari

Oiva alituambia tutumie risasi zake, zimo kwenye kopo la kahawa, droo ya kabati la vyombo. Nilimshukuru kwa adabu. Risasi za ndani ya kopo la kahawa! Siku hizi mambo ni ya kisayansi.

Nikaenda mjini, duka la vifaa vya uwindaji. Bibi Tellervo, mwenye duka, aliniuliza nataka za kupiga nini, karatasi au nyama. Nikamjibu vyote viwili. Akasema nichague kimoja. Nilimwona hana maarifa ya biashara, nikachagua mwenyewe. Boksi zuri, lina picha ya shabaha yenye duara nyekundu, na limeandikwa kwamba hakuna risasi inayokwenda sawasawa kuliko hiyo. Nikafikiri hivi: risasi inayopata katikati ya karatasi itashindwaje kupata katikati ya kwale? Hoja haina tundu.

Mchana tulikwenda shimo la kokoto, mimi, Jarmo na mzee. Nikairekebisha darubini iliyo juu ya bunduki ilenge sawa na risasi zangu. Nikapiga. Matundu yangu yote ungeyafunika kwa kifungo cha koti! Jarmo akapiga na zile za kopo. Matundu yake yalitawanyika upana wa kiganja. Nilimpa pole kwa sauti ya kusikika.

Oiva alikaa garini na chupa ya chai akitazama kwa darubini ya mkono. Alisema karatasi imepigwa vizuri sana, sasa mama Hilkka aiweke chungu gani? Mzee anazeeka.

Alhamisi, tarehe 11 Januari

Zamu ya jana ilikuwa ya Jarmo, lakini theluji ilianguka usiku kucha, akaishia barabarani na gari lake. Mungu huwaangalia wenye mipango.

Leo zamu yangu. Nilivaa shuka jeupe nisionekane kwenye theluji. Shuka la harusi yetu, lenye vimaua vya bluu. Sirkku hajui. Nikapanda skii, zile mbao za kutelezea, nikaenda ukingo wa msitu wa betula, miti ya magome meupe. Na pale, juu kabisa ya mti, kwale! Mweusi, mnene, anakula machipukizi bila wasiwasi wowote. Nililala kifudifudi. Nilishusha pumzi. Nilipiga.

Nimpe sifa mtengenezaji: risasi ilipata katikati. Tatizo ni kilichofuata. Kwale hakuanguka. Alitoweka! Juu ya mti palibaki wingu la manyoya, likawa linashuka polepole, taratibu kabisa. Niliteleza mbio hadi chini ya mti. Nikakuta miguu miwili na bawa moja. Katikati hapakuwa na kitu. Supu ya nini? Ya makucha?

Nilisimama pale nikiwa na huzuni ya kweli. Alikuwa ndege mzuri, na amekufa bure. Kisha nikafukia ushahidi kwenye theluji.

Nilipopita kwa wakwe kurudisha bunduki nilisema sikuona hata kwale mmoja. Mama Hilkka alinitazama kichwani, akanyoosha mkono, akachomoa unyoya mweusi kwenye kofia yangu. Aliuweka kando ya bakuli la sukari. Oiva akauchukua, akausogeza karibu na jicho la kushoto, akaniuliza kama leo kulikuwa na upepo. Nikasema ulikuwepo, tena mkali. Dirishani moshi wa jirani ulikuwa unapanda wima.

Ijumaa, tarehe 12 Januari

Nimerudi kwa Bibi Tellervo. Nilimwambia nina rafiki, fulani hivi, aliyempiga kwale kwa risasi zenye picha ya shabaha. Akasema pole zangu mpe huyo rafiki. Akanieleza: risasi ya karatasi ina kitundu kichwani na ganda jembamba la nje, ikigusa chochote chenye mwili inapasukia ndani. Ya kwale imevikwa shaba mwili mzima, inaingia na kutoka kimyakimya na nyama inabaki. Akaongeza kwamba haiendi sawasawa kama ile nyingine, lakini kwale ni mkubwa kuliko kifungo cha koti. Kifungo cha koti! Nani kamwambia? Kijiji hiki!

Nilinunua boksi la zile za shaba. Njiani nikawa na maboksi mawili mfukoni, na hapo ndipo wazo likanijia. Zuri mno, ikabidi nisimamishe gari.

Kesho ni zamu ya Jarmo. Nilikwenda kwake nikampa zile za karatasi, boksi karibu zima. Nikamwambia mwanyumba, wewe unafanya kazi usiku na mchana, hujapata hata nafasi ya kujaribu, chukua hizi, ndizo zilizonipa matundu yale uliyoyaona. Jarmo alilishika lile boksi kwa mikono miwili. Macho yalimlegea. Akasema tangu aingie katika familia hii hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Nikahisi kitu kimenichoma kifuani. Nadhani ni ule mkate wa samaki wa mchana.

Kesho mzee ataletewa miguu miwili na bawa, na aliyeleta si mimi.

Jumamosi, tarehe 13 Januari

Sina maneno.

Jarmo hakwenda kuwinda! Nilisahau kabisa kwamba leo ni shindano la kulenga shabaha la chama cha wawindaji, pale shimo la kokoto. Kijiji kizima kilikuwepo, mpaka mchungaji wa kanisa. Jarmo akatoa boksi LANGU. Akaigusa darubini kidogo tu. Akapiga. Risasi za karatasi kwenye karatasi! Matundu yake ungeyafunika kwa kifungo cha shati. Ameshinda wale wazee wote wa chama, ameshinda kikombe, ameshinda na paja zima la nguruwe.

Halafu akasimama mbele ya watu na kusema ushindi huu ni wa Ilpo, yaani mimi, kwa sababu Ilpo alimpa risasi zake bora na kubaki bila. Watu wakanipigia makofi. Mchungaji akanishika mkono. Oiva alikuwa amekaa kwenye sleji, kigari cha kuburutwa thelujini, na blanketi magotini, akaniangalia kwa lile jicho la kushoto, muda mrefu.

Nusu ya paja la nguruwe liko jikoni kwetu. Jarmo amelileta mwenyewe. Sijaligusa. Nimeonja ukingoni tu.

Jumapili, tarehe 14 Januari

Zamu yangu. Leo nina risasi sahihi, za shaba. Darubini niliirekebisha mwenyewe Jumanne, Jarmo kaisogeza kidogo tu. Sikuona haja ya kupita shimo la kokoto kupoteza risasi.

Kwale wa kwanza: nilipiga tawi kulia kwake. Akageuza shingo, akalitazama tawi. Nikapiga tena. Tawi lingine, upande uleule. Akaruka, nadhani kwa kunionea huruma. Kwale wa pili: theluji ilimmwagikia kichwani, akajikung'uta, akaendelea kula.

Nikarudi nikamwambia Oiva bunduki imepinda. Hakukasirika. Aliniuliza darubini ilirekebishwa kwa risasi zipi. Nikasema zile za shabaha. Akaniuliza leo nimepiga na zipi. Nikaingiza mkono mfukoni, nikazigusa zile za shaba. Mama Hilkka akaniongezea kahawa bila kuombwa. Akifanya hivyo ujue hali yako ni mbaya.

Kwa kweli nilitaka kulia. Si kwa ajili ya bunduki. Mzee alikuwa ameshaandaliwa chungu, nilikiona juu ya jiko, kimeoshwa na kufunikwa kitambaa. Kilikuwa kinangoja kwale, na mimi nilikuwa natunga visingizio.

Jumanne, tarehe 16 Januari

Jarmo amepata kwale.

Alimaliza zamu yake ya usiku barabarani, akampitia mzee. Wakaenda wote wawili shimo la kokoto na lile kopo la kahawa. Wakapiga tatu, wakarekebisha darubini kwa risasi zilezile, wakaenda msituni, mzee juu ya sleji. Eti Oiva ndiye aliyemsikia kwale kabla Jarmo hajamwona. Risasi moja. Tundu dogo la kuingilia, tundu dogo la kutokea, ndege mzima kama amelala. Oiva alimpakata ndege njia nzima ya kurudi.

Nimepata habari hizi kwa Sirkku, ambaye pia ameliona lile shuka. Siku mbaya pande zote.

Jumatano, tarehe 17 Januari

Tulikwenda wote kula supu. Nilivaa shati jeupe, kama mtu anayehudhuria maziko ya bunduki yake.

Mama Hilkka alipakua. Malai, viazi, nyama nyeusi yenye harufu ya msitu. Oiva alikunywa kijiko cha kwanza, akafumba macho yote mawili, lenye ukungu na zima. Niliona koo lake linapanda na kushuka. Nilimpenda sana mzee huyu wakati ule, nikasahau kwa kitambo kuwa nimeshindwa.

Jarmo akaharibu. Akasema huyu kwale ni wa wote wawili, kwa sababu bila risasi za Ilpo asingepata moyo wa kujaribu. Nikainamia sahani. Masikio yalikuwa ya moto. Nilijiambia sasa, Ilpo, sasa useme. Nikaomba chumvi.

Oiva aliweka kijiko chini.

"Boksi lile Jarmo alinionyesha," alisema. "Nikazigusa ncha za risasi zake kwa kidole, zina vitundu. Nikakumbuka unyoya kando ya sukari."

Hakuna mwingine aliyeelewa. Mimi nilielewa. Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi.

"Bunduki chukua wewe, Ilpo mwanangu. Jarmo hana cha kujifunza kwayo. Wewe unacho. Ila kopo la risasi litakaa kwa Jarmo. Ukitaka kwenda msituni utamgongea mlango, mtakunywa kahawa, utamwambia unakwenda kupiga nini, naye atakupa zinazofaa."

Mama Hilkka akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Jarmo akanikumbatia, akasema hilo ni wazo zuri sana, tutaonana mara kwa mara. Sirkku alinitazama kama anayejua kila kitu. Pengine anajua.

Baadaye kwenye sauna Oiva alinipa kata. Mimi! Nikamwaga maji yote kwa mara moja. Tulikimbilia nje wote watatu, mzee wa kwanza, mchungaji, ambaye ni jirani yao, akatuona kwenye theluji kama tulivyozaliwa. Oiva alikuwa anacheka.

Alhamisi, tarehe 18 Januari

Bunduki iko kabatini kwangu. Nimelifungua mara kadhaa kuitazama.

Asubuhi nilimgongea Jarmo, nia yangu kumwambia ukweli wote. Alinikaribisha kwa paja la nguruwe na kahawa. Nikafungua mdomo, nikasema nahitaji risasi. Akachukua kopo, akaniuliza nakwenda kupiga nini leo. Nikasema sijaamua, pengine sungura, pengine karatasi. Akasema kwa upole, mwanyumba, chagua kimoja kwanza, halafu urudi. Akafunga kopo.

Nichague! Mwenye bunduki ni mimi!

Nikaenda moja kwa moja mjini. Bibi Tellervo akauliza karatasi au nyama. Nikamjibu vyote viwili. Akaegemea kaunta, akafumba macho kidogo. Lakini kwenye rafu ya chini, nyuma kabisa, nimejionea mwenyewe boksi jipya: upande mmoja limechorwa shabaha, upande wa pili sungura. Hoja haina tundu. Nimechukua mawili, moja langu na moja la kumpa Jarmo zawadi, kwa sababu nasikia mzee anafikiria ampe nani mashua yake.